Rangi ya Kucha Kwenye Kifuniko

Jumatatu, 10 Julai

Joto la kishenzi. Asubuhi nimeshika mpini wa mlango wa gereji na tayari unaunguza. Mji wote wa Yuma umekumbuka leo kwamba una kiyoyozi na kwamba kiyoyozi chenyewe kimekufa. Foleni ya magari mpaka barabarani!

Rangi yangu ya kucha imepotea tena. Ile nyekundu. Nimempigia Marisela, binti yangu, kumwuliza kama ameichukua. Kacheka – mama, mimi na mtoto wa miezi minane, kucha nitapaka saa ngapi?

Mchana kaja Bi Socorro na gari lake dogo la kijivu. Anasafisha vyumba motelini, na mara tatu kwa wiki anampeleka baba yake hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Mzee akikaa kwenye gari lenye joto anazimia. Anasema kiyoyozi kilijazwa gesi Mei, kikapiga baridi mpaka wakavaa masweta, sasa kimelegea. Kazi ndogo, nikajisemea. Nikavaa miwani, nikavaa glavu. Kabla ya mashine ya kufyonza gesi nikaunganisha kwanza Pua. Ndivyo tunavyokiita kile kipimo kinachonusa gesi iliyomo na kusema ni gesi gani. Mafundi wengi huruka hatua hiyo. Mimi siruki. Ukifyonza uchafu mara moja umeharibu mashine, umeharibu mtungi, na umeharibu kila gari litakalofuata.

Pua ikapiga kelele. Gesi inayowaka! Karibu yote ni jamii ya gesi ya kupikia. Ndani ya gari ambamo watu hukaa wamefunga vioo!

Nikachomoa mpira, nikapaza sauti mtu yeyote asiwashe kitu, tukalisukuma gari nje kwa mikono. Mzee Hilario, mwenye gereji, akaja mbio, tumbo likitangulia. Akasema hatugusi. Mashine yetu haikutengenezwa kwa gesi inayowaka, cheche moja tu na sote tumekwenda. Na kuiachia hewani ndiyo kabisa, marufuku na hatari. Kuna fundi wa Phoenix mwenye mashine maalumu, anakuja Alhamisi. Mpaka siku hiyo Bi Socorro asiwashe kiyoyozi, afungue madirisha yote, na mtu asivute sigara humo.

“Na baba yangu nimfungie barafu kwenye shuka, mwanangu?” akaniuliza.

Nikarudi kufunga boneti yake.

Kuna kitu kingine. Sitaki kukiandika lakini nakiandika. Kwenye kifuniko cha mdomo wa kujazia gesi palikuwa na tone la rangi nyekundu, limepakwa kutoka kifunikoni mpaka kwenye bomba. Ukikifungua kifuniko, rangi inapasuka, na fundi aliyeipaka anajua kuna mtu kagusa kazi yake. Alama hiyo ni yangu. Nimemfundisha mtu mmoja tu.

Sikumwuliza Bi Socorro nani alimjazia. Niliogopa atanijibu.

Jumanne, 11 Julai

Nimemwuliza mume wangu. Tello alikuwa anamimina kahawa. Tangu mgongo umharibikie akaacha kuendesha malori, anatengeneza viyoyozi chini ya kibanda cha gari hapa nyumbani, Jumamosi na Jumapili. Mimi nilifurahi. Heri hivyo kuliko kushinda mbele ya runinga amenuna.

Hakukana.

“Nilinunua mtungi San Luis, ng'ambo ya mpaka, Machi ile,” alisema. “Jamaa aliniambia gesi ni ile ile, ila hii baridi yake kali zaidi.”

“Mtungi hauna hata maandishi, na wewe ukaitia kwenye magari ya watu?”

“Mama Marisela, watu wanakufa kwa joto! Gesi ya dukani hawaiwezi. Mimi wananishukuru.”

Nikamwambia angeniomba mimi. Aprili aliomba makopo mawili ya gesi halali, si nilimletea? Akasema yale yaliisha, yalikwenda kwa mteja mmoja msumbufu. Akatoka nje na kikombe chake.

Magari mangapi? Hajui. Hakuandika popote. Watu wa kanisani, watu wa mtaani, shemeji wa fulani. Nikasema tukae sasa hivi tuwapigie. Akasema tukiwapigia tumekwisha, mimi na yeye, na kibali changu cha ufundi kitakwenda na maji. Nani ataamini kwamba mke ni fundi wa viyoyozi na hakujua mumewe anajaza nini nyuma ya nyumba?

Kutwa nimelirudia kichwani. Kweli, nani ataamini?

Jumatano, 12 Julai

Tello hakupiga simu. Na mimi sikupiga.

Mtungi ulikuwa kibandani chini ya turubai, umepata moto kwa jua. Nimeuhamishia uwani, kivulini, mbali na nyumba. Tello alinitazama kupitia dirisha, hakutoka kunisaidia.

Kazini nimenusa kila gari, hata yaliyokuja kubadilisha oili. Mzee Hilario kaniuliza kama mimi na Pua tumefunga ndoa. Wenzangu wakacheka. Nikacheka na mimi, uongo mtupu.

Alhamisi, 13 Julai

Fundi wa Phoenix amekuja. Gari la Bi Socorro limefyonzwa uwanjani, mbali na kila kitu, gesi chafu ikaingia kwenye mtungi wake wenye alama. Hakuujaza mpaka juu. Aliacha nafasi, maana kwa joto hili gesi inavimba, na mtungi uliojazwa pomoni ni bomu. Ni mtu mpole, anafanya kazi bila haraka. Aliniuliza kama namjua aliyejaza uchafu ule.

Nikasema simjui.

Kisha tukapima kama panavuja. Panavuja! Na wapi? Nyuma ya dashibodi, kwenye kipoza hewa. Yaani wiki zote hizo gesi ilikuwa inaingia kidogo kidogo mle mle walimokaa, yeye na mzee wake. Tumefunga kipoza kipya, tumejaza gesi halali kwa kipimo, mzee akakaa kiti cha mbele akafumba macho kwa raha. Bi Socorro akanishika mikono yote miwili akaniombea baraka. Mimi! Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Ijumaa, 14 Julai

Limetokea.

Fermín wa duka la matairi. Alikuwa ndani ya pikapu yake nje ya duka la dawa, anamsubiri mkewe, vioo juu, kiyoyozi kinavuma. Akawasha sigara. Wanasema mwako ulijaa kabini yote mara moja, halafu ukazimika. Amejirusha nje. Ameungua mikono, nyusi, shavu la kushoto. Macho yamesalimika, ndivyo alivyosema mkewe kwenye simu, na alikuwa anasema kwa kupiga kelele.

Mei nilimwona Tello ameinama kwenye injini ya pikapu hiyo hiyo. Niliwapelekea maji ya limau mimi mwenyewe.

Nilipomwambia alikaa kwenye kiti cha jikoni akalia. Sijamwona akilia tangu mama yake azikwe. Akasema hakujua kama inawaka, mwuzaji alimdanganya, yeye ni dereva, kemia ataijulia wapi. “Naapa kwa Abril, Ninfa. Kwa uhai wa mjukuu wangu. Ningejua ningefanya hivyo mimi?”

Nikamkumbatia kichwa. Nimemwamini. Tumelia wote wawili, wazee wazima. Mtu akidanganywa amedanganywa, utamfanyaje? Tumekubaliana kesho tunapiga simu, na Jumatatu tunakwenda pamoja kwa Mzee Hilario na kusema yote. Kibali kikienda, kiende.

Jumamosi, 15 Julai

Siku nzima simu. Tello anakumbuka jina, mimi naongea. Usiwashe kiyoyozi. Fungua vioo. Usivute sigara. Lete gari, usilipe. Wengine wakashukuru. Mmoja akauliza kama ni mzaha. Mwingine alimtukana Tello matusi ambayo sijawahi kuyasikia hata gerejini, na Tello, niliyempa simu, akaitika tu, ndiyo kaka, ndiyo kaka.

Nimeona aibu, lakini nimempenda leo. Nimwandikie haki yake. Jioni alinisugua miguu bila kuombwa.

Mzee Hilario kaniruhusu kukaa na Pua mwisho wa wiki. Nilimwambia kuna gari la jirani nalitilia shaka. Jumatatu atajua.

Jumapili, 16 Julai

Naandika nimekaa uwani juu ya ndoo, daftari gotini. Pua inajipasha moto, haitaki kuharakishwa.

Marisela amekuja kula supu ya utumbo kama kila Jumapili. Kafika vioo vimefungwa, kiyoyozi kinavuma, Abril amelala kiti cha nyuma mdomo wazi. Nikatoka kumpokea mtoto na hapo nikakumbuka. Gari hili! Tello alilijaza gesi Aprili, hapa hapa kibandani. Na jana katika majina yote aliyoyataja hili hakulitaja. Masikini, nikasema, ameogopa. Hata kulifikiria ameogopa.

Nimewaacha wote jikoni. Nimefungua boneti. Ipo! Rangi yangu nyekundu kwenye kifuniko, tone zuri, halijapasuka. Miezi yote hii mtoto yule analala humo ndani.

Miwani. Glavu. Nimeunganisha mpira. Jikoni Tello anamwimbia Abril na jiko limewashwa, nasikia sufuria. Nimewaambia wasitoke, nimesema nasafisha betri.

Inanusa.

Jamani, ichelewe hivi kwa nini?

Imesema. Gesi halali. Safi kabisa, gesi inayowaka hakuna hata chembe.

Mungu wangu, ahsante! Nimelibusu gari lenyewe, nimeunguza midomo kwenye bati. Nimecheka peke yangu.

Halafu nimerudi kukaa kwenye ndoo.

Makopo mawili ya Aprili. Mteja mmoja msumbufu. Na mtungi wa San Luis alikuwa nao tangu Machi, ukiwa pale pale kibandani, umejaa, ungetosha gari hili na mengine kumi. Hakuutia humu. Akanituma mimi nimletee gesi ya dukani.

Basi alijua. Wakati anamjazia Fermín alijua. Wakati anamjazia Bi Socorro, na mzee mgonjwa amekaa pembeni, alijua. Na Ijumaa alipokaa kile kiti akalia, akatafuta jina la kuapia, kati ya majina yote ya dunia akachagua la Abril!

Na mimi nikamkumbatia kichwa.

Mlango wa jikoni umefunguka. Anakuja, Abril begani, mwiko mkononi. Anasema Mama Marisela, supu inapoa, betri gani hiyo isiyoisha?

Ameona boneti. Ameiona Pua, na mpira ulikokwenda. Amesimama.

Hajaniuliza imesema nini.