Mkono Uliokuwa Ukivuta Kushoto

Baba,

Wiki iliyopita niliutoa mkono wako kwenye gari. Nimeona heri nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kwa mtu mwingine. Nilimpelekea fundi hapa Meru, akabadilisha mambo yote ya usukani, kuanzia boksi lake hadi vyuma vya chini vinavyogeuza magurudumu. Usianze kunikasirikia. Ngoja kwanza nikueleze, halafu ukasirike.

Unakumbuka siku ulipolileta nyumbani Karurumo? Gari kuukuu la fowili, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, kijani kilichopauka, viti vimetoboka. Mama alitoka jikoni na mwiko wa mukimo mkononi akauliza, "Sasa hii ni gari ama ni trekta?" Wewe ulikuwa unaliangalia tumbo la gari, na kila uliporudi kutoka kununua mbuzi upande wa Mbeere ulilalamika kwamba mawe ya mtoni yamelikwaruza. Ndipo ukampata mchomeleaji mmoja akakuongezea springi, ukaweka na matairi makubwa. Liliporudi lilikuwa limeinuka hivi kwamba Mama alilazimika kukanyaga kigoda cha kukamulia ili apande kwenda kanisani. Ulifurahi wewe! Ulilizunguka siku nzima kama bwana harusi.

Tangu siku hiyo gari lilianza tabia yake. Likiingia shimoni, usukani ulikunyang'anya mkono na kwenda kushoto. Wanaume wa Karurumo walilijaribu mmoja mmoja, wakakurudishia funguo wakitikisa vichwa. "Hii gari imemzoea mzee," walisema. Nawe, badala ya kumuuliza fundi, ukavimba kichwa! Ndivyo tulivyo sisi watu wa kwetu, Baba. Kitu kikiharibika mpaka kikawa kinamtii mtu mmoja tu, hatusemi kimeharibika. Tunasema kina heshima. Mlango unaofunguliwa na mwenyewe pekee, ng'ombe anayekamuliwa na mama mmoja pekee, na gari la Nyaga.

Kaka zangu walikuwa wamekwenda Nairobi, kwa hiyo ulinifundisha mimi. Ulikaa kando yangu, mkono wako juu ya mkono wangu, ukinuka sabuni ya kufulia na mbuzi. "Usikaze," uliniambia. "Vuta kulia kidogo, kila wakati. Kama unamshika ng'ombe anayejua njia ya mahindi ya jirani." Shimo lilipokuja, mkono wako ulivuta kabla wangu haujajua. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuendesha, nikivutana na kitu nisichokiona.

Halafu ikaja ile asubuhi ya soko. Mama mmoja alikukuta chini ya kona ya barabara, kwenye shamba lake la maharagwe, injini bado inanguruma, umekaa wima na mikono yako miwili kwenye usukani. Daktari alisema ni moyo. Tulikubali. Tulikuwa tunajua unavyozificha dawa za presha chini ya kiti ili Mama asikuulize kama umezimeza. Tukakuzika. Kaka zangu walitaka gari liuzwe, nikawauliza, "Mtauza mtu?" Nikalichukua nikaja nalo Kinoru, hapa Meru, kwa mume wangu.

Siku ile ya kulileta nilipita kwenye kona ile ile. Kulikuwa na shimo. Usukani ulininyang'anya kwenda kushoto, nikavuta kulia, na nilipovuta, Baba, niliusikia mkono wako juu ya wangu. Sikutanii. Ulikuwa na uzito wake. Nililia hadi Chuka.

Kuanzia hapo nilikuwa nikiendesha nawe. Nikiwa na huzuni, nilitafuta barabara mbovu. Mume wangu aliniuliza, "Kwani wewe hujui lami iko wapi?" Ningemjibu nini? Kwamba ninamtafuta baba yangu mashimoni? Na kuna siku ulikuja bila shimo. Pale karibu na uwanja wa Kinoru, barabara ikiwa laini, usukani ulijongea chini ya vidole vyangu, polepole, kama mtu anayejigeuza usingizini. Nikasema, "Niko hapa, Baba." Niliogopa, na bado sikutaka uache.

Sasa nikuambie juu ya Nyaga. Si wewe, yule mwingine. Mtoto wangu wa pili wa kiume alichukua jina lako kama mila yetu inavyotaka, na tangu azaliwe mimi humwita Baba. Alipovunja vikombe nilishindwa kumchapa, maana nani anamchapa baba yake? Ulicheka mpaka ukakohoa. Basi huyo Nyaga ni mtu mzima sasa, ni daktari wa mifugo, na kazi amepewa huko huko Mbeere, kwenye njia zako za mbuzi. Akaja akaniambia, akikutaja wewe babu yake, "Mama, si unipee ile gari ya guka?" Nikakataa. Akarudia. Nikamwambia gari hili si la vijana. Ukweli ni kwamba nilimwogopea, na tena nilikuwa na wivu. Sikutaka kugawana mkono wako na mtu, hata akiwa na jina lako.

Mwishowe nilichoka na maneno yake nikamruhusu ajaribu, mimi nikiwa kando. Tulikuwa tunakuja Karurumo kumwona Mama. Kwenye kona, gari likaingia shimoni, na yeye hakuwa amezoea kuvuta. Lilitoka barabarani kama lililoitwa. Tulisimama gurudumu moja likining'inia juu ya mtaro, mashina ya kahawa ya jirani yakiwa yametugonga kioo. Nyaga alishusha pumzi, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, hii gari ilikuwa inaenda mahali."

Yule mama mwenye shamba la maharagwe akaja mbio na jembe lake. Ni yule yule aliyekukuta wewe. Alimwona aliyekaa nyuma ya usukani, akasimama, akasema, "Nyaga, tena?"

Kisha akajiziba mdomo. Alinishika mkono akaomba msamaha mara nyingi, akasema ni uzee, ni jua, ametamka tu jina analolijua. Nilimwambia si kitu. Lakini yale maneno mawili yalipanda gari pamoja nasi. Nilipokuwa nikipika niliyasikia. Kanisani niliyasikia. Mtoto wangu alikuwa tayari na jina la mtu aliyekufa, na sasa nilikuwa nataka kumpa na kiti chake.

Ndiyo maana nilikwenda kwa fundi. Anaitwa Mutwiri, mtu wa kujisifu huyo, anaongea hata akiwa na spana mdomoni. Alijilaza chini ya gari akaniambia nigeuze usukani huku na huku, kisha akatoka amepakaa grisi mpaka sikioni. "Mama, nani alifanyia hii gari hivi?" aliuliza. "Alipea gari miguu mirefu, akasahau mikono!" Akanionyesha. Ulipoliinua gari, Baba, chuma kinachotoka kwenye boksi la usukani kwenda magurudumuni kilibaki kimeinama vibaya. Gari likiingia shimoni na springi ikishuka, chuma hicho husukuma gurudumu chenyewe, dereva apende asipende. Na viungo vyake vilikuwa vimelegea, kwa hiyo hata kwenye lami magurudumu yalikuwa yakizurura. "Hapa hakuna shetani," alisema akipigapiga chuma. "Hii ni chuma imekaa mbaya."

Nilimuuliza kama gari hilo linaweza kumshinda mtu mwenye nguvu, aliyelizoea.

"Akiangalia kando kidogo tu, inamshinda."

Nilitoka nje nikasimama karibu na muuza mkaa nikijifanya napiga simu. Baba, lipi lilitangulia? Moyo ulisimama, gari likaenda? Ama gari lilikwenda, ndipo moyo ukasimama? Tulikuzika tukiwa na jibu, na Mutwiri ameniachia swali. Sitalijua kamwe. Nimekasirika nawe, acha niseme. Nimekasirika kwamba ulijivunia kitu kilichokuwa kinakuvuta mtaroni kila siku, na sisi tukakipigia makofi.

Niliporudi, Mutwiri alinieleza atakachofanya. Boksi jipya linalosaidiwa na mafuta, vyuma vya kimo kinachofaa urefu wa gari, viungo vipya, na shokabzoba ya kuutuliza usukani. "Nikimaliza itakuwa imetulia, utaendesha na kidole," akasema.

"Sitaki itulie," nikamwambia.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa hesabu ngumu. Nilimwambia angoje, nikaenda nyumbani, na gari likabaki pale limeinuliwa kwa mawe. Kila asubuhi Mutwiri alipiga simu, kila asubuhi nilimwambia kesho. Ungefanya nini mahali pangu? Mkono wako ulikuwa umebaki pale tu, duniani kote. Picha zako hazinishiki. Kaburi halinishiki. Lakini nilipofumba macho nilimwona yule mama akija na jembe mara ya tatu, na safari hii hakuna aliyebaki wa kuombwa msamaha. Nikapiga simu mwenyewe nikasema, "Toa zote."

Aliponiuliza kama nataka vyuma vya zamani, nilivishika. Vilikuwa vizito, baridi, na havikuwa na mtu ndani. Nikamwambia awapelekee wanunuzi wa vyuma chakavu. Nilinawa mikono kwenye mfereji wake.

Jumamosi tulishuka Karurumo kulijaribu, mimi nikiendesha, Nyaga kando. Gari lilikuwa kimya! Sijui nikueleze vipi kimya hicho. Mashimo yalikuja yakapita bila kuninyang'anya kitu. Tulipopita Chuka lori moja lilitupigia honi ndefu, na Nyaga akashtuka. "Mama! Uko upande wa watu!" Nilirudi upande wetu. Muda kidogo, gari likahamia kulia tena. Nilianza kumtukana Mutwiri. Nilisema ametuharibia, sasa gari linavuta kulia, fundi gani huyu mwenye mdomo kuliko kazi!

"Mama," Nyaga akasema, "legeza mikono kidogo."

Nililegeza. Gari likaenda mbele, likanyooka, bila mtu kulivuta popote.

Ilikuwa ni mimi. Miaka yote hiyo mikono yangu ilikuwa ikivuta kulia kukupinga, na hata ulipoondolewa iliendelea. Nilikuwa nikitupeleka kwenye malori.

"Kwani unavutana na nani?" kijana akauliza, akicheka kidogo.

Nilisimamisha gari, nikashuka, nikamwambia azunguke. Nilikuwa nimeogopa kwamba hatalimudu, kumbe asiyelimudu ni mimi. Yeye hakuwahi kujifunza kupigana na wewe.

Tulifika kwenye kona. Shimo lipo bado, hawajaliziba. Gurudumu liliingia likatoka, na mikono yake haikusogea. Alikuwa ananisimulia habari za mbuzi aliyekula kamba ya nailoni, wala hakuona kwamba tumepita mahali pale. Mimi niligeuza uso nikalitazama shamba lile. Sikuwahi kulitazama, Baba, maana nikifika hapo siku zote nilikuwa na kazi ya kushika. Maharagwe yalikuwa yametoa maua. Hukuwepo. Nilikutafuta kwa macho mpaka yakaniuma, na hukuwepo, na hilo limeniuma kuliko kukuzika.

Leo Nyaga ameenda Mbeere peke yake. Ameondoka baada ya chai, ameweka sanduku la dawa kiti cha kando, akanipungia mkono langoni kama mtu anayeenda dukani. Mimi nimefunga duka langu mapema, nimekaa na kalamu hii, na simu iko mezani. Nikisikia injini barabarani nasimama.

Kila asubuhi tangu uende, nikishamaliza kumwomba Mungu, nilikuwa nakugeukia nakuambia, "Baba, mshike mtoto mkono." Leo nilianza maneno hayo nikayakata katikati.

Usimshike. Nakupenda, na sijui nitakutafuta wapi sasa, lakini toa mkono wako juu ya mkono wake. Kama ni kusafiri naye, kaa nyuma unyamaze kama abiria wengine. Na kama huwezi kukaa bila kugusa usukani, na nakujua huwezi, basi shuka, Baba. Shuka hapo Karurumo, kwako. Mwache mtoto wangu apite.

Mimi binti yako,
mama yake Nyaga