Mjapani Hajastaafu, Nami Sijaaga

Oxon Hill, Marekani, Jumapili ya mwisho ya Julai. Mwaka wa arobaini na moja nje ya Tanga. Joto la leo linanata mwilini, na hasira yangu haijapoa hata baada ya kuoga.

Asubuhi mwanangu Idrisa alinipeleka mjini kutazama mechi za mchujo za tenisi. Nilitaka kumwona Mjapani wangu. Namwita wangu kwa sababu mimi na marehemu mke wangu Zuhura tulimfuatilia tangu akiwa msichana. Aliletwa Marekani angali mtoto, kujifunza mchezo kabla hajajua hata kuomba maji kwa Kiingereza. Alipanda hadi vigogo wakaanza kumhofia. Kisha bega likaharibika, likapasuliwa, likaharibika tena. Jina lake likashuka hadi mwisho wa orodha, mahali ambapo hakuna anayesoma. Sasa anacheza popote anapokubaliwa, na mabegi yake anabeba mwenyewe.

Leo amefungwa na binti wa umri wa kuwa mwanawe. Seti ya pili mkono ulikuwa hauinuki vizuri. Alikuwa akicheza kwa akili tu. Alipomaliza aliinamia uwanja, akaondoka. Mtu mmoja nyuma yetu akasema astaafu, arudi kwao.

Idrisa akacheka, akamkubalia.

Tulirudi kwenye gari. Nikamuuliza: kwao wapi, mtu aliyeumaliza ujana wake hapa? Hapo akaona haya, akatoa siri. Jumamosi ijayo Watanzania wenzetu wanakutana mji wa jirani, Columbia, kuniaga, ati narudi Tanga. Ukumbi umeshapatikana, na mpishi wa pilau pia.

Mimi sikuulizwa.

Akanionyesha kundi la WhatsApp walilolifungua bila mimi. Kombo, rafiki yangu wa miaka yote, ameandika: "Mzee Salimu, ukifika Tanga oa haraka, sisi huku wake zetu hawaturuhusu." Chini yake, safu nzima ya vicheko. Zuhura hajatimiza hata mwaka kaburini.

Wote wanajua tunavyosema hapa. Kila Idi, kila msiba, kila theluji ya kwanza, mtu mzima hutamka "mwakani narudi," wenzake wakaitikia inshallah, chai ikamiminwa. Ndivyo tunavyojuliana hali. Hakuna anayekwenda kununua masanduku. Mwanangu amezaliwa hapa, ameyachukua maneno yalivyo, namsamehe. Kombo je? Kombo anarudi mwakani tangu Idrisa hajazaliwa!

"Lakini Baba, ulisema tena kwenye arobaini ya Mama," Idrisa akaniambia taratibu. "Nikadhani hapa unaumia."

"Naumia. Na mama yako yuko hapa. Ijumaa nani atamsomea Fatiha?"

 Alikata kona, akaendesha hadi makaburini bila kuambiwa. Tulisimama juani, yeye akisahau maneno katikati ya dua, mimi nikimtangulia.

Jioni nimesoma kwamba waandishi walimuuliza yule Mjapani kama leo ndiyo mwisho. Amewajibu kwamba amepoteza mechi, na wiki ijayo ana nyingine. Nimeisoma mara mbili, kisha nikampigia Kombo. Alianza na utani wake, nikamkatiza. Nimemwambia pilau ipikwe, nitakuja na nitakula, ila asisimame mtu kuniaga.

Sirudi Tanga.