Hundi ya Mwalimu Nanyama Ukutani Kwangu

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana mimi Mbugua wa Kibomet hapa Kitale, mtu niliyefika Kigali na Juba kwa lori nikala na watu wa kila kabila, leo naogopa mama mmoja wa Matulo ambaye hata nzi hampigi.

Ni Mwalimu Nanyama, zamani mpangaji wangu. Chuo kimoja cha Amerika kilimwalika miaka miwili kama msomi mgeni, na kila mwezi wakamkata kodi ambayo, alivyonieleza, mgeni kama yeye hakutakiwa kukatwa. Kabla ya kurudi akajaza fomu arudishiwe, na anwani akaandika sanduku langu la posta, kwa sababu hakuwa na lake na mimi mwenyewe nilimwambia, "Mwalimu, sanduku la Mbugua linajulikana mpaka ng'ambo!"

Basi mwaka jana mwezi wa pili hundi ikaja, ya serikali ya Amerika yenyewe, ina picha ya ile sanamu yao ya mama mwenye mwenge, nikasema nitampelekea Jumapili lakini kwanza wateja wa hoteli yangu waione, wiki moja tu, nikaibandika kwa gundi kwenye plaiwudi, fundi akaweka kioo, nikaitundika juu ya kaunta, na nikiulizwa nasema, "Si mnaona? Amerika wananiandikia!" Jina lililo juu yake hakuna aliyelisoma. Hoteli ikajaa. Kanisani wakanifanya mweka hazina.

Mwezi wa nane nikamwona Mwalimu dirishani anakuja, nikaing'oa haraka nikaisukuma nyuma ya magunia ya mkaa.

"Baba Nyaruai," akaniambia, "hakuna barua yangu? Mama yangu anatakiwa kupasuliwa."

"Hakuna kitu, Mwalimu. Hao Wazungu si unawajua, bana."

Akaenda kuuza ng'ombe wao wa maziwa, alikuwa mmoja tu, soko la Misikhu. Mimi nikamchangia shilingi mia mbili, akaniombea Mungu mbele ya wateja, nami nikasema amina. Mama alipona, lakini juzi nilipowatembelea nilipewa strungi, chai bila maziwa, nikaiacha nusu kikombe.

Sasa wiki jana Wacuka, karani wa benki, akaisogelea ile hundi, niliyokuwa nimeirudisha ukutani, na chapati mkononi. "Mzee, hii imeandikwa haifai baada ya mwaka mmoja. Na hili jina si lako." Mimi nilidhani pesa ya Amerika haiozi! Nimefikiria niwaandikie Amerika kwa jina lake, walete nyingine, nimpelekee kama imefika jana, asijue kitu. Mwalimu ni kama dada yangu kabisa. Nifanyeje?

Mbugua, Kitale, Aprili 1994

Bwana Mbugua,

Nilianza barua yako nikicheka. Nilipofika kwenye ile amina, nikaacha.

Ulificha, ukadanganya, na sasa unataka kuiga sahihi ya mtu? Hapana. Kodi hudaiwa na aliyekatwa, si na mwenye sanduku. Hundi kupitwa na muda si kusema haki yake imekufa. Kwa kawaida hurudishwa kwa waliotuma, pamoja na barua ya mwenyewe kuomba nyingine. Kwa hivyo usiibandue, utairarua. Beba fremu nzima, na kioo chake, uende Matulo Jumamosi hii. Sema kabla hujakaa, kabla hujapewa chai, na mizaha uiache Kibomet. Mwalimu atajua la kuandika. Wewe lipa rejista ya posta, barua isipotee njiani. Anwani ya majibu iwe ya shule yake, tafadhali, si sanduku lako maarufu.

Majibu yatachukua miezi, na huenda wakakataa. Ng'ombe asiwasubiri. Mnunue wewe, maana waliojaza hoteli yako walikuja kutazama jasho la Nanyama. Akikufukuza, ondoka bila kujitetea, lakini ng'ombe umwache pale. Mtu mbaya hangeona chai ya wenyewe haina maziwa. Ndiyo maana nimekujibu.

Msumari uache ukutani. Mteja akiuliza hundi ilienda wapi, mtajie jina lile ambalo mwaka mzima hakuna aliyelisoma.