Mdudu wa Gogo la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Dokta kanipa madaftari mawili. Moja la kazi, niandike hali ya hewa na nilikopita. La pili kasema nifanye nitakalo. Basi hili langu, asilishike mtu. Hali ya hewa leo: ipo.

Nimeuza maji, nimeuza miwani, nimeuza sumu ya panya iliyonenepesha panya. Sasa naokota wadudu! Mama mkwe kasikia, kauliza kama wa nyumbani kwangu wamekwisha.

Mtaa haujaelewa kwamba Dokta si daktari wa watu, ni msomi wa wadudu. Jirani leo kamletea goti lake. Dokta kalitazama kwa heshima zote, kampa pole, goti likarudi nyumbani kama lilivyokuja.

Kazi yenyewe: napanda msitu wa mlimani, nabandua magome yaliyooza, nachekecha, kinachotembea nakitia kwenye kichupa cha spiriti. Humo humo natumbukiza kikaratasi: tarehe, mahali, nimekitoa kwenye nini. Kwa penseli, maana wino unayeyuka. Dokta kasema mdudu asiye na kikaratasi ni uchafu tu. Mimi miaka arobaini sina kikaratasi.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Njia ya mlimani imegeuka sabuni. Nimefika mgongo wa kwanza wa mlima, nikaanguka, nikaketi hapo hapo kwenye tope kushauriana na nafsi yangu. Tukakubaliana bila ubishi. Nikashuka.

Nikapita kwa mama mkwe. Nyuma ya jiko lake kuna gogo, limeoza hadi moyoni. Miaka miwili ananiomba niliondoe, miaka miwili namwambia kesho. Nikabandua gome. Vikatoka vitu vidogo kuliko punje ya sukari, vinakimbia kama vinadaiwa. Nikanasa vitatu. Mama mkwe alikuwa anachota maji, kanitazama, kashukuru Mungu kwamba nimeanza kuliondoa.

Kwenye kikaratasi nikaandika: msitu wa mlimani, mgongo wa tatu, gogo lililooza. Gogo ni kweli. Kuoza ni kweli. Hayo mengine ni mapambo.

Jumanne, 11 Machi

Dokta kaniita chumbani kwake. Tangu Jumamosi hajaachana na hadubini, chai yake imeota ukungu. Kaniambia niangalie.

Nikaangalia. Ile punje ya sukari ni mnyama mzima! Mgongo wa kahawia unang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Pembe ndefu zenye vifundo. Chini ya gamba kuna mabawa, ila si mabawa — ni unyoya, umekunjwa kama mwavuli. Nikabandika jicho tena bila kuombwa.

Kisha kanieleza wanavyomtofautisha na ndugu zake. Kwa uume. Wadudu hawa kwa nje wanafanana, kwa hiyo kampasua mmoja, kauchomoa, kaubandika kwenye kioo, anaulinganisha na picha za vitabuni. Miaka ishirini ya masomo. Mdudu mwenyewe huwezi kumwona, yeye kafika mpaka huko. Nikakagua zipu yangu.

Hafanani na yeyote aliyewahi kuandikwa duniani. Mpya, anasema. Nikauliza mpya vipi, au alikuwepo ila hatukusalimiana? Dokta kacheka mpaka kakohoa.

Ijumaa, 14 Machi

Anaandika maelezo ya mdudu wetu. Kurasa tisa! Kahesabu mpaka vinyweleo vya miguu. Mimi hati ya kiwanja changu ni nusu ukurasa.

Na jina atampa la kwangu. Chapchap, jina la mtaani, likiwekewa mkia wa Kilatini. Nimetembea leo kama nimemeza ufagio. Mke wangu kasema watoto wote watatu tuliwapa majina ya upande wake, ni haki na mimi nipate mrithi.

Ila kuna neno. Wale watatu wote ni madume. Bila jike maelezo yanachechemea, kasema Dokta. Na kikaratasi changu kitaingia kwenye maelezo neno kwa neno, maana hapo ndipo mahali pekee duniani anapojulikana kuishi. Jumatatu twende wote mgongo wa tatu.

Nimesema sawa. Mdomo huu.

Jumatatu, 17 Machi

Tumepanda. Dokta kapiga magoti kwenye tope kwa muda wa saa saba, anachekecha. Siafu wamemla. Jike hakuna, dume hakuna. Mimi nachekecha kwa bidii nikijua nachekecha nini. Nikamwambia labda wamehama.

Hakucheka. Kasema, "Chapchap, mimi siwezi kuwa kila mahali. Kikaratasi chako ndiyo macho yangu."

Chakula changu cha jioni nikawagawia watoto.

Jumatano, 19 Machi

Tumepanda tena. Patupu. Dokta kavua miwani, kaifuta muda mrefu kuliko uchafu wake. Anasema huenda tuliwakuta wale wa mwisho.

Nilifungua mdomo niseme. Nikasema kesho mvua itanyesha. Nikisema kweli, kazi kwisha, jina kwisha. Na macho yake ndiyo haya ya uongo.

Alhamisi, 20 Machi

Asubuhi mke wangu kaniambia mama yake kachoka na kesho zangu. Kampata mpasua kuni, leo anamaliza lile gogo.

Nimekimbia na kandambili moja. Nusu imeshapasuliwa. Vipande viko jikoni kwa mama mkwe, chini ya sufuria, vinawaka vizuri tu. Nikaikalia nusu iliyobaki. Mpasua kuni kasimama na shoka, kauliza kama nina akili timamu. Mama mkwe kasema taratibu, ile taratibu yake ya kutisha: "Baba, miaka miwili ulikuwa hulioni. Leo umelifanya kiti, na mimi nimesimama?"

Mkwe habishani na mkwe. Nimempa shikamoo ya pili. Sijainuka. Dokta nimempigia: njoo kwa mama mkwe wangu, usiniulize. Naandika hapa hapa nilipokaa, mikono ipate kazi.

Kafika. Mama mkwe kamkaribisha kwa furaha, kamweleza kila kitu bila kuombwa: mkwe wake hayuko sawa tangu siku ile ya mvua, alipokuja kubandua magome hapa, akaondoka na kichupa. Dokta kauliza siku gani. Mama mkwe anaikumbuka. Bila shaka anaikumbuka!

Dokta kalitazama gogo. Kautazama moshi wa jikoni. Mimi hakunitazama. Kaniashiria niinuke, kapiga magoti, kaanza kubandua.

Muda umepita. Sasa kanyoosha mkono bila kugeuka: kikaratasi kitupu, na penseli yake.

"Andika."

Nimeandika. Tarehe: ya leo. Mahali: nyuma ya jiko la mama mkwe. Nimekitoa kwenye: nusu ya gogo.

Bado anabandua. Gome limebaki la kiganja kimoja. Kichupa alichokuja nacho nimekishika mimi, kitupu.