Debe Lenye Kitambaa Chekundu

Jumanne, Februari 1954. Nakuru.

Upepo wa ziwani umevuma tangu asubuhi na lile vumbi jeupe limeingia mpaka ndani ya sufuria ya maharagwe. Nimefagia mara tatu. Mara ya nne nimekataa. Leo nina hasira, na afadhali niziandike hapa kabla sijawamwagia watoto ambao hawana kosa lolote.

Nimegundua kwamba mimi ndiye niliyemtenga Mama Wambui.

Nieleze kwa utaratibu, maana nikiandika nikiwa nimechemka mwandiko wangu hausomeki hata na mimi mwenyewe.

Hapa kwenye nyumba za reli tuna bomba moja kwa milango ishirini na minne. Linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na ikifika saa tatu mlinzi analifunga, uwe umeteka au hujateka. Watu hatusimami foleni. Yanayosimama ni madebe. Unapanga lako nyuma ya la mwenzako, unarudi kuwasha jiko, na kila anayemaliza kuteka analisogeza linalofuata chini ya bomba, mwenyewe awepo asiwepo. Kila debe lina alama yake. Langu lina mstari wa buluu ambao mume wangu aliupaka. La Mama Wambui limefungwa kitambaa chekundu kwenye mpini.

Mama Wambui ni jirani yangu wa ukuta mmoja. Ni Mkikuyu, mumewe ni fundi kwenye karakana ya reli, na yeye mwenyewe ana mimba ya miezi minane. Mwezi uliopita mumewe aliitwa na polisi kuulizwa maswali, kama wanavyoitwa Wakikuyu wengi siku hizi za Hali ya Hatari, serikali inapowasaka waasi. Alikaa huko siku mbili, akaachiliwa, akarudi kwenye kazi yake ileile. Tuliwapelekea uji, tukawapa pole, tukadhani yameisha.

Wiki iliyofuata debe lake likaanza kurukwa.

Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemwambia neno. Zamu ikifika kwenye kitambaa chekundu, mtu analipita na kutanguliza lake, basi. Saa tatu mlinzi anafunga bomba na debe la Mama Wambui lipo palepale, kavu. Hapo yeye hulichukua, akavuka njia za reli mpaka kwenye ghala la mizigo, kwenye bomba la wapakuzi, akarudi na maji kichwani na tumbo lile mbele. Na mimi nilikuwa namwona kila siku kupitia dirisha la jikoni.

Nilidhani wenzangu wanajua kitu. Nilijiambia, watu wote hawa hawawezi kumpita mtu bure, lazima kuna jambo limesemwa na mimi sikuwepo. Nikaona aibu kuuliza, nisionekane mjinga, au mbaya zaidi, nisionekane natetea. Kwa hiyo nami nikaanza kulipita. Nililipita siku kumi na mbili. Nilikuwa natazama pembeni, kama vile nimeona kuku wa mtu.

Leo asubuhi, saa nne hivi, alijikwaa kwenye reli. Maji yote yalimwagika na yeye akaketi palepale kwenye mataruma, miguu imenyooka, akishika tumbo. Nilikuwa naanika nguo pamoja na Mama Atieno wa nyumba ya sita. Sote wawili tuliona.

Hatukwenda.

Nilimtazama Mama Atieno nione kama atakwenda. Naye alikuwa ananitazama mimi. Sijui tulisimama hivyo kwa muda gani, nguo zinatuchuruzikia miguuni, kila mmoja anasubiri uso wa mwenzake umpe ruhusa. Mwishowe nikamuuliza kile nilichopaswa kuuliza siku ya kwanza: huyu mama alifanya nini?

Mama Atieno akashangaa kweli. "Unaniuliza mimi? Si wewe ndiye ulianza kupita ile debe yake? Yangu ilikuwa nyuma ya hiyo. Nikasema, bwana ya huyu ni karani, anaona makaratasi. Kama amekataa kusogeza, iko kitu anajua."

Nilikumbuka papo hapo. Asubuhi ile nilikuwa nimemaliza kuteka, na linalofuata lilikuwa lenye kitambaa chekundu. Nekesa, binti yangu, akapiga kelele kutoka mlangoni kwamba maziwa yanamwagika jikoni. Nilijitwika debe langu nikakimbia. Sikusogeza la nyuma yangu.

Maziwa! Mwanamke mwenye mimba amevuka njia za reli karibu wiki mbili kwa sababu ya maziwa yangu. Mimi niliwafuata wao, wao walikuwa wananifuata mimi, na huko mbele hakukuwa na mtu yeyote.

Niliangusha beseni nikaenda. Nilipomshika mkono, Mama Wambui alinivuta chini badala ya kuinuka, akasema kwa sauti ya chini, "Niache, Mama Nekesa. Watakuona." Hata yeye alishaanza kujiona kama mtu wa kukwepwa. Hilo ndilo limeniumiza kuliko yote. Nikamwinua kwa nguvu, nikamwambia waone mpaka wachoke.

Nyumbani kwake nilimpa maji yangu, nikahakikisha mtoto anacheza tumboni, halafu nikamwambia ukweli wote, maziwa na kila kitu. Nilitarajia atalia au atacheka. Akapangusa vumbi kwenye meza isiyokuwa na vumbi, akauliza:

"Maziwa ni siku ya kwanza. Na siku ya pili?"

Nikarudi relini kuliokota debe lake. Swali lile likanifuata.

Mchana niliwaendea wanawake mahali pa kufulia nikasema mbele ya wote kwamba nilianza mimi, kwa haraka tu, na kwamba sijui lolote baya juu ya nyumba ile. Mmoja akainama akasugua shati lilelile mpaka nikaogopa litatoboka. Mama Atieno, ambaye angalau ana ulimi, akasema, "Sasa unataka tufanye nini? Tuseme sisi wote tulikuwa wajinga?" Nikamjibu ndiyo, tuseme hivyo, mimi nimeshasema na sijafa. Hakuna aliyecheka. Mwingine akanong'ona, na nilimsikia, kwamba labda nimetumwa na watu wa nyumba ile.

Jioni nikamweleza Baba Nekesa. Nilidhani yeye, mtu wa ofisi, atakuwa na akili zaidi. Akaniambia hata wao kazini wameacha kumkaribisha Baba Wambui chai ya saa nne. Nikamuuliza sababu. Akasema, bila kuona haya, "Nilisikia nyinyi wanawake mmemtenga mkewe, nikajua lazima iko kitu." Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na hayakuwa ya furaha. Yule mwanamume aliletewa uvumi uliotoka jikoni kwake mwenyewe!

Halafu akageuka mkali. Nyumba hii ni ya kazi, akasema, usituletee maneno, kesho watalipita hata debe letu.

Anaogopa, na simlaumu. Mimi pia naogopa. Siku hizi neno moja linaweza kumtoa mtu kwenye nyumba yake. Lakini nimejiuliza, tunamwogopa nani hasa hapa bombani? Siyo polisi, maana mtu wamemwachilia wenyewe. Siyo mzungu wa reli, maana amemrudishia kazi. Tunaogopana sisi kwa sisi, wanawake ishirini na wanne wenye madebe, kila mmoja akidhani yule mwingine ndiye mkatili.

Mimi nimechoka kumsubiri mwingine.

Maharagwe yameiva, watoto wamekula, Baba Nekesa amenuna na gazeti lake. Nimechukua kisu nikaukwangua ule mstari wa buluu kwenye debe langu mpaka bati likabaki tupu. Kisha nikatoa kitambaa changu cha kichwa, kile chekundu ninachovaa kanisani, nikakichana, nikafunga kipande kwenye mpini. Nimekifunga kama anavyofunga yeye, fundo likiwa juu. Baba Nekesa ameona. Gazeti lenyewe amelishika juu chini.

Alfajiri nitayapeleka yote mawili bombani, lake na langu, niyapange mbele kabisa, halafu nitasimama kando na kukunja mikono. Anayetaka kulipita la Mama Wambui na alipite. Ila itabidi kwanza aje aniulize ni lipi.