Neno la Kazini Lililoingia Nyumbani

Jumatatu, 6 Februari 1995
Mapanki, mifupa ya sangara ninayokaanga, yamechelewa kutoka kiwandani. Mafuta yamechemka bure, kuni zimekwisha, wateja wamenuna. Nimewaambia mwenye haraka akale michembe ya viazi vikavu kwao.

Koku, mke wa mwanangu Masanja, amerudi na habari. Yeye ni karani wa ofisi kwenye kampuni ya minofu ya sangara, hapa hapa Nyakato. Wameletewa mtaalamu kutoka Dar. Sasa kila karani ana neno lake la kufungulia kompyuta. Halisemwi kwa mtu yeyote. Hata mume. Wametia sahihi.

Masanja alikuwa anakula. Akaacha.

Jumatano, 8 Februari
Kelele tangu asubuhi. Masanja anataka neno. La nini? Hajui hata mashine yenyewe inawashiwa wapi. Nadhani hataki tu liwe la Koku peke yake. Tangu apunguzwe kazi kiwanda cha nguo, kila kitu ni dharau. Chumvi ikizidi, dharau. Mke akicheka na jirani, dharau.

Nimemwambia, mimi na baba yako tulizeeka pamoja na sikuwahi kujua dawa zake kazifukia wapi. Ndoa haikufa. Kasema hayo ni mambo ya wanaume. Mjinga. Nampenda, lakini mjinga.

Jumamosi, 11 Februari
Binti wa chuo cha Nyegezi kaja na maswali. Anachunguza familia za mjini. Mkuu wa kaya ni nani? Nikauliza, mkuu wa kufanya nini? Akacheka. "Wa kuamua mambo, bibi." Nikamwambia hapa anayeamua ni njaa. Akaandika. Masanja akatokeza kichwa mlangoni, akasema mkuu ni yeye. Akaandika na hilo.

Mtoto mzuri, mwembamba mno. Nimemlisha mpaka akaomba msamaha.

Jumapili, 12 Februari
Leo Masanja kampiga Koku. Jikoni, mbele yangu, baada ya kanisa. Kamkaba shingo. "Neno!" Koku akalitaja. Nimelisikia kwa masikio yangu. Jina la mtoto wao wa kwanza, yule aliyekufa kwa surua.

Nilimchapa Masanja mgongoni kwa mwiko wa ugali mpaka mwiko ukapasuka. Hakugeuka. Akavaa shati lake la kanisani akatoka. Karudi jioni ana furaha. Nimeichukia furaha yake.

Koku shingo imevimba. Nimemkanda kwa maji ya chumvi.

Jumanne, 21 Februari
Polisi wamemchukua Koku ofisini. Oda za wanunuzi wa Ulaya zimetoka kwenye ile mashine, zimefika kampuni nyingine ya samaki. Mashine inaonyesha lilitumika neno la Koku. Jumapili ile.

Mtaalamu kasema mpango wake wa maneno hauna tundu. Sawa. Lakini mke wa mlinzi wa kampuni kaninong'oneza bombani kwamba mumewe alimfungulia Masanja geti, yeye na kijana mmoja mgeni. Koku ni dada yao wa kazini, kwa hiyo walinzi humwita Masanja shemeji. Nani anamzuia shemeji? Sasa mlinzi anaapa hakuona mtu.

Na Masanja ana kazi tangu jana. Msimamizi wa magari, kwenye hiyo kampuni nyingine. Ndiyo bei aliyoahidiwa.

Ijumaa, 24 Februari
Dhamana imekataliwa. Nimekwenda kwa wakili wa Koku. Kijana, ana mafua, vitabu vimemfunika. Kasema siku zote hizi anatafuta na hakuona sheria inayotaja kompyuta. Watamshtaki kwa wizi wa mtumishi, kisha wabishane kama karatasi ya mashine ni ushahidi. Wakibishana, Koku yuko ndani.

Koku mwenyewe hataki kumtaja mumewe. Hataki wanawe waambiwe mama yao ndiye aliyemfunga baba yao. Wakili kasema sheria haimlazimishi mke kutoa ushahidi dhidi ya mumewe.

Nikamuuliza, na mama? Akapekua. Akapiga chafya. Akafunga kitabu. "Mama hana kinga hiyo, bibi."

Jumapili, 26 Februari
Ukoo umekaa. Msemaji Nkwabi, kaka wa marehemu mume wangu. Kasema mwanamke tulimtolea ng'ombe, acha abebe mzigo. Akifungwa yeye, watoto wanabaki kwetu. Akifungwa Masanja, Koku atawapeleka Bukoba wakale ndizi wasahau Kisukuma. Wakacheka. Masanja anatazama viatu vyake vipya.

Nikasema mimi niliona. Nkwabi akasema, "Shemeji, kwa umri huo macho hudanganya."

Nikamwambia macho haya yalimwona akijikojolea siku ya msiba wa baba yake, na hayakudanganya. Hapo hawakucheka. Lakini hawakubadilika.

Jumatatu, 27 Februari
Sikukaanga leo. Masanja ni mwanangu. Nilimbeba mgongoni mwaka wa njaa, nikamtafunia mizizi. Koku si damu yangu. Lakini nilipougua tumbo, Koku ndiye aliyenigeuza kitandani na kufua uchafu wangu, na kazini alikwenda.

Sitaki kupoteza hata mmoja. Hakuna aliyeniuliza.

Jumanne, 28 Februari
Nimekwenda polisi mjini. Nimesema yote. Shingo, neno, shati. Neno nimewatajia, likawa ndilo. Askari kauliza, "Bibi, huyu unayemtaja unamjua vizuri?" Nikamwambia namjua tangu alipotoa kichwa.

Wakanisogezea wino wa dole gumba. Nikasema leteni kalamu, shule sikwenda lakini ngumbaru, kisomo cha watu wazima, nilikwenda. Nikaandika jina langu. Herufi zimekaa kama mbuzi wanaokimbia mvua.

Mlinzi akaitwa tena. Akalia. Akasema kweli.

Jumamosi, 11 Machi
Koku katoka. Masanja kaingia.

Kampuni haimtaki tena Koku. Neno lilitoka kinywani mwake, na sahihi alitia. Shingo haimo kwenye mpango wao.

Koku haniamkii. Kasema mara moja tu, "Mama, nani alikutuma?" Wajukuu wameambiwa shuleni kwamba baba yao ni mfungwa. Mkubwa kapigana, karudi na jino mkononi.

Nkwabi kaleta salamu, nikifa nisizikwe kwao. Nimemjibu sawa, nitanukia mlangoni kwake.

Nimelia, basi. Nimeandika nisije nikajidanganya kwamba sikulia.

Jumapili, 23 Aprili
Asubuhi Koku kapika wali na kuku. Kafunga bakuli kwa kitambaa, kaliweka mbele yangu. Hakusema ni la nani. Nikajua. Yeye hakuja.

Gerezani foleni ndefu, wanawake watupu. Nilidhani Masanja atakataa kutoka, kama zile safari nyingine. Leo katoka. Amekonda, wamemnyoa. Kashika waya.

Shikamoo hakunipa. Kauliza kama watoto wamekula. Nikasema wamekula. Kauliza mkubwa anakwenda shule. Nikasema anakwenda.

Tukasimama hivyo mpaka askari akasema muda umekwisha.

Nimerudi kwa miguu.