Jina Lililobaki Kwenye Memori

Jumatatu, 1 Septemba 1997
Kompyuta kuukuu kumi na mbili, memori mega nane tu kila moja! Zinakwenda shule za Kondoa. Bosi, Mzee Ambokile, anataka zote nizipange kama alivyopanga marehemu Halfani, fundi mwenzangu: kernel, kiini cha mfumo wa kompyuta, ishikilie maandishi kwenye memori dakika tano ndipo iyapeleke kwenye diski. Diski haihangaiki, mashine inakimbia. Iwe kumbukumbu yake, anasema. Na mgao huu wa umeme je? Ukikatika, kilichoko kwenye memori ndiyo basi tena.

Jumanne, 2 Septemba
Taa ya diski ya mashine ya Halfani imewaka yenyewe. Sijagusa kitu! Ni kernel inapakua memori, najua. Nikarudi nyuma vilevile. Kiti chake nimekipeleka stoo, bado namsikia akicheka: Gaudence bwana, unaogopa nini?

Alhamisi, 4 Septemba
Mkewe Halfani, Mwajabu, kajifungua jana. Wa kike, wazima wote. Katuma salamu — akika Jumanne, na jina la mtoto, Halfani aliliacha kwenye kompyuta. Alimtania kwamba hataliona mpaka mtoto atoke. Alimpigia simu mchana wa siku aliyokufa kumwambia ndiyo kwanza ameliandika.
Mchana uleule! Umeme ukakatika, akakimbilia jenereta, shoti ikamuua.

Ijumaa, 5 Septemba
Faili lipo: "mwanangu". Nimelifungua. Tupu! Hata herufi moja. Mpangilio wake mwenyewe umelimeza jina la mwanawe. Jamani, Halfani!

Jumatatu, 8 Septemba
Nimegoma. Nimeweka sekunde tano, mashine zote. Bosi kafoka: zinajikokota! Kwa nini unafuta kazi ya marehemu? Nikaendelea na mashine inayofuata. Nikisema sababu, itafika Nkuhungu kwa Mwajabu kabla ya jioni. Nitamwambiaje?

Jumanne, 9 Septemba
Mwajabu hatoki, bado mzazi. Amekuja mama yake Halfani, Bi Mwanne. Shikamoo. Marahaba mwanangu, mbuzi kafungwa, shehe kafika, tunangoja jina tu. Akauliza kiti cha mwanawe kiko wapi. Nikakitoa stoo kwa aibu.
Sasa amekikalia, anakodolea macho kioo kitupu cha kompyuta. Hajui kusoma. Nimeshika kalamu — anadhani nanakili jina.
Ameuliza polepole: ni zuri?
Nimesema zuri, mama. Zuri sana.
Amenyoosha mkono apokee karatasi, na jina sijaandika bado.